Mifupa Iliyozidi Umri

Zaituni alikuwa na miaka hamsini na sita akiwa kazini na sitini na sita akiwa kitandani. Asubuhi kabla hajainuka alikuwa mtu mzima kabisa: aliyakagua maumivu kuanzia shingoni, akateremka kiunoni, akafika magotini, halafu akakaa ukingoni mwa kitanda akiisubiri miguu ikubali. Akishafunga mlango wa nyumba yake pale Etterbeek, Ubelgiji, ile miaka kumi ilibaki ndani. Ilikuwa hivyo tangu 1997, na kufikia huo mwaka wa 2019 ambao mambo haya yalitokea, ukimwuliza ghafla amezaliwa lini, ulimi wake ulitoa mwaka wa uongo bila kusita.

Alikuwa mtu wa Bujumbura, mzaliwa wa Buyenzi, mwembamba, mwenye uso usiokunjika haraka. Uso huo ndio uliomponza. Mwanamke mwenye mikunjo asingeshawishika kujipunguzia hata mwaka mmoja.

Kazi yake ilikuwa Auderghem, katika nyumba moja ya wazee iliyopakana na msitu. Aliwaogesha, akawavisha, akawageuza kitandani wale wasioweza kujigeuza. Aide-soignante, ndivyo wanavyoiita kazi hiyo, jina tamu ambalo ndani yake mna kiuno kibovu. Baadhi ya wazee hao walikuwa wadogo kwake. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepooza upande, aliyezaliwa miaka miwili baada yake, na kila alipomvuta kumkalisha bwana huyo alimwambia, "Polepole, msichana wangu." Zaituni alimjibu vizuri. Hakucheka wala hakuona uchungu. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamekoma kumgusa, kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, unaugusa na hujui kama ni wako.

Alhamisi hakuwa na zamu. Alipanda basi akaifuata barabara ya Chaussée de Wavre kuelekea upande wa pili, Matonge, mtaa wa Waafrika, kwenye duka la vitenge la Mauwa. Mauwa alikuwa mwanamke wa Likasi, mnene, mwenye sauti ya kumsimamisha mteja aliyekwisha vuka barabara. Nyuma ya pazia la duka aliweka meza, birika la umeme na viti vitatu, na kiti cha tatu kilikuwa cha Kabeya. Huyo Kabeya alitoka Lubumbashi miaka ya themanini kuja kusoma, akasoma kweli, akakusanya diploma, halafu akaishia kuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi kule kwenye mitaa ya Umoja wa Ulaya. Tai hakuiacha. Alilinda mlango kana kwamba jengo ni lake.

Watatu hao walikuwa na kawaida yao. Kwanza chai na maandazi waliyoyaita beignets, halafu habari za miili, halafu kazi, halafu uzee. Chai ikiisha Kabeya alifungua kijisanduku chake cha vidonge vya ugonjwa wa sukari.

"Bon, tukamate dessert," alisema kila Alhamisi, kana kwamba ni kitamutamu cha baada ya mlo, na kila Alhamisi alicheka peke yake.

Mauwa alimeza vya presha, viwili kwa mkupuo, bila maji. Kisha wote wawili wakamgeukia Zaituni, ambaye hakuwa na kidonge hata cha kichwa.

"Muone huyu!" Mauwa alisema. "Hata kamoja hana. Mungu alimunyima batoto, akamupatia afya."

"Ni ivyo," Zaituni alijibu. "Tutafanyaje."

Mauwa hakuwa na nia mbaya. Alisema alichokijua, na alichokijua kilikuwa uongo ulioandikwa vizuri na kupigwa muhuri.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwaka huo wa 1997 Zaituni alifika Ubelgiji akiwa mjane wa miaka arobaini na nne, akapelekwa kwenye kituo cha wakimbizi. Kituoni kulikuwa na imani, na aliyeianzisha hajulikani mpaka leo, kwamba mtu aliyevuka arobaini hapewi mafunzo wala kazi, anawekwa pembeni mpaka aoze. Hakuna afisa aliyewahi kusema hivyo. Walisemezana wenyewe kwenye foleni ya chakula, na jambo likisemwa kwenye foleni ya chakula kwa wiki tatu linageuka sheria. Kabeya wakati huo alikuwa anakuja kituoni kujitolea kuwatafsiria watu, naye aliiamini imani hiyo kuliko wote, maana alikuwa amesoma. Alimkuta Zaituni kwenye korido anasubiri kuitwa, akamtazama usoni, akamwambia, "Dada, uso wako unaruhusu. Ukate kumi."

Zaituni akakata kumi. Alishaitaja tarehe, karani ameshaiandika, ndipo alipomkumbuka Rayhana. Rayhana alikuwa binti yake wa pekee, msichana wa miaka ishirini na mmoja, ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa kioo na mfuko wao mmoja miguuni. Mwanamke wa thelathini na nne anampata wapi binti wa ishirini na mmoja? Karani akainua macho, akauliza, "Na yule pale ni nani wako?"

"Mdogo wangu," Zaituni alisema.

Hakuulizwa mara ya pili. Basi binti yake akawa dada yake, na wote wawili wakapata makaratasi, baadaye uraia, wakaendelea na maisha. Kwa watu wao mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini, anaitwa mama fulani mpaka kaburini. Yeye aliendelea kuitwa Zaituni, kavukavu, kama msichana anayetumwa dukani. Harusini walimwombea dua ya uzazi mpaka alipofika hamsini ya kwenye karatasi, ndipo wakamwonea huruma wakaacha. Rayhana mbele za watu alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Watoto wa Rayhana walimwita tantine, yaani mama mkubwa, maana mtoto hafichi siri shuleni, na ikaamuliwa wao wasiambiwe lolote.

Kurekebisha? Aliwahi kufikiri hilo, zamani, alipokuwa bado anafikiri mambo. Lakini karatasi yake ikianguka inaanguka na ya Rayhana, na Rayhana sasa alikuwa na mume, nyumba ya mkopo, watoto watatu. Akaliacha.

Mwezi wa tatu mwaka huo Kabeya aliingia dukani na tai mpya.

"Mwezi wa sita, fini!" alisema kabla hajakaa, maana alikuwa anatimiza sitini na tano na kustaafu. "Soixante-cinq ans, bantu ya Mungu. Nitalala mpaka jua inichome macho."

"Weye una pension ya Leta, serikali inakulipa," Mauwa alimwambia. "Miye pension yangu njo hii." Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu kabisa, ambako vitenge vyake vya thamani vilikuwa vimepangwa ndani ya nailoni. "Ile siuzishe kwa muntu. Ni wax ya kweli. Siku nikichoka, nauzisha moya moya, nakula."

"Na panya ikikula mbele yako?" Kabeya aliuliza.

"Panya gani ya Matonge itakula kitenge yangu bila kulipa?"

Walicheka. Zaituni alicheka pia, kwa adabu. Mauwa alikuwa anafanya mzaha juu ya hofu yake mwenyewe: miaka yote hiyo ya duka alikuwa amechangia kidogo sana kwenye pension yake, leo kodi, kesho ada za watoto, na kila mwaka alisema mwakani. Kabeya naye alikuwa na nyumba isiyoisha Lubumbashi, mdogo wake anaisimamia, na saruji ilikuwa inaliwa kama ugali. Kila mmoja alikuwa na lake. Ila wao walikuwa wanaogopa uzee utakavyokuwa. Uzee wa Zaituni ulikuwa umeshafika, umekaa naye mezani, na hakuwa na ruhusa ya kuutambulisha.

"Na weye, petite sœur, vumilia," Kabeya alimwambia, kama anayemfariji mdogo wake. "Ungali mutoto. Balipandisha, si ulisikia? Bantu ya myaka yako ni soixante-sept. Unabakisha onze ans."

Kumi na moja. Alikuwa amesikia, ndiyo, miaka minne nyuma, serikali ilipopitisha sheria hiyo ya kupandisha umri wa kustaafu. Kwa karatasi angeacha kazi na sitini na saba. Kwa mifupa, na sabini na saba. Alikuwa mkubwa kwa Kabeya kwa mwaka mzima.

Kabeya alikuwa kwenye raha yake, na mtu akiwa kwenye raha husimulia wema wake. "Zamani kule kwenye centre nilisaidia bantu, weee! Ule nilimuambia akate tano, ule kumi. Donc bote balipata kazi. Hata leo tukipatana kwa bus, bananishukuru."

"Hakuna hata mmoja aliyelaumu?" Zaituni aliuliza.

"Alaumu nini? Bote balishukuru." Akachovya beignet kwenye chai.

Hakumkumbuka. Wakimbizi walikuwa wengi, korido ilikuwa na giza, na urafiki wao ulianza baadaye sana, hapo dukani, kwa Mauwa. Zaituni alikaa akingojea hasira. Alijua inapaswa kuja, na mahali pake palikuwa wazi, pamefagiliwa. Haikuja. Alimwangalia mzee huyo aliyekuwa mdogo kwake akilamba sukari vidoleni wakati anajua ana ugonjwa wa sukari, akamsogezea kitambaa cha kujifutia.

Wiki chache baadaye yule bwana aliyepooza aliteleza bafuni. Zaituni angemwacha aanguke, hakuna ambaye angemlaumu, ndivyo hata mafunzo yanavyosema: usimdake mtu mzito, msindikize chini. Alimdaka. Kitu kililia mgongoni mwake, mlio mdogo tu, na akajikuta amekaa sakafuni kwenye maji ya sabuni, bwana yule juu ya mapaja yake, wote wawili wanatazama dari.

Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imevunjika. Hospitali walimpa daktari kijana, mpole, wa aina ile inayovuta kiti ikakaa karibu na mgonjwa. Aliitazama picha ya mgongo, akaitazama kadi ya utambulisho, akarudi kwenye picha.

"Madame, una hamsini na sita?"

"Ndiyo."

"Mifupa hii ni ya mama anayekaribia sabini."

Zaituni akairudisha kadi yake mkobani. Daktari naye, kwa vile alikuwa mtu makini, akaanza kumtafuta mwizi. Kuna kitu kinaimaliza mifupa hii, alisema, na hatalala mpaka akijue. Akapima damu, akapima mkojo, akamwingiza kwenye mashine moja na nyingine. Alipokosa, akasema lazima wachukue uroto kutoka kwenye mfupa wa nyonga, wahakikishe si saratani. Zaituni alilala ubavu, muuguzi akamshika bega, na sindano nene kama msumari ikazungushwa mfupani. Sentensi moja tu ingeisimamisha sindano ile. Alikuwa nayo mdomoni, akaimeza, na maumivu yalipokuja aliyaona yako mbali kidogo, kama ya jirani.

Basi neno saratani likafika Matonge. Nani alilifikisha? Mwenyewe, kwa kujibu maswali. Mauwa alifunga duka siku ya Jumamosi, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mume, akaja Etterbeek na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, na machozi. Kabeya, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kazi, akawaambia watu wa kanisa lake wakafunga na kuomba. Wanawake wa Buyenzi nao wakamsomea dua nyumbani kwa mmoja wao, wakampelekea maji ya kunywa. Dini mbili nzima zilikuwa zinampigania dhidi ya ugonjwa ambao jina lake lilikuwa mwaka wa kuzaliwa.

"Sema unaogopa," Mauwa alimwambia akimkanda miguu. "Kulia kidogo, mama. Weye hauliake hata siku moja. Ile si vizuri kwa moyo."

"Siogopi."

"Njo vile banasemaka bote."

Tena Zaituni hakuwa anadanganya. Jambo alilolificha lilikuwa lingine, nalo lilikuwa la aibu zaidi: alikuwa anastarehe. Miezi mitatu hakuinua mtu. Mgongo uliungana. Alilala mpaka mwanga ukaingia, akanywa chai akiwa amekaa, akagundua kwamba asubuhi ina saa nyingi kuliko alivyodhani. Mwili wake, uliokuwa unaburutwa kama gunia pamoja na miaka kumi iliyofichwa, ulilala chini ukakataa kuondoka. Hivi ndivyo wanavyokaa wenzangu wa sitini na sita, alijiambia. Alitaka hivyo hivyo, kitu kingine hakukitaka.

Na ilionekana atapata anachotaka. Mwezi wa saba daktari alimwita.

"Sijaupata ugonjwa," alisema, na ulimkera kweli, ungedhani umemtukana. "Lakini mifupa inajieleza. Nitamwandikia daktari wa mutuelle yako, bima yako ya afya, kwamba hufai kurudi kwenye kazi ya kuinua watu. Watakulipa kama mgonjwa wa kudumu mpaka utakapofikia pension. Ninachohitaji ni kufunga faili vizuri. Ugonjwa kama huu unatembea kwenye familia. Una ndugu wa damu hapa?"

Zaituni alisema ana mdogo wake. Ilikuwa kwenye karatasi.

"Aje tumpime, pamoja na uroto. Ana watoto?"

"Watatu. Msichana mmoja."

"Msichana pia. Wanawake ndio wanaopata zaidi. Aanze mapema kujihadhari."

Rayhana alikuja jioni hiyo hiyo, akafunga mlango wa jikoni. Alikuwa na arobaini na tatu, mvi mbili tatu, mwili wa babake. Hapo jikoni tu ndipo alipomwita kwa jina lake la haki.

"Mama, ni sindano tu. Nichomwe, waandike wanachotaka, wewe upumzike."

"Inauma."

"Wewe uliinuaje watu miaka yote hiyo? Mimi sitaweza siku moja?" Akamshika mkono. "Wakikosa kitu kwangu si neno. Yeye ameshasema ataandika."

Walikubaliana hivyo, na walikubaliana haraka, kama watu waliozoea kupanga maneno kabla ya kuingia chumbani. Siku zilipangwa. Mauwa aliposikia akamwambia Rayhana ni dada wa kweli, si kila mtu ana dada kama huyo. Kila kitu kilikuwa kinakwenda.

Jumapili kabla ya vipimo Zaituni alikwenda kula kwa Rayhana. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, ngazi zake za mbao, nyembamba. Alikuwa sebuleni anavua koti alipomsikia mjukuu wake Hawa anashuka. Hawa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mchezaji wa mpira wa kikapu, mrefu, na ngazi hizo alizishuka siku zote kwa kuruka nne za mwisho, mpaka majirani walikuwa wamelalamika. Siku hiyo hakuruka. Alishuka ngazi moja, akakutanisha miguu, akashuka nyingine, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye reli ya ngazi. Zaituni aliutambua ushukaji huo. Aliuona kila siku Auderghem.

"Unaumwa wapi?" alimwuliza.

"Siumwi, tantine." Mtoto alikuwa amefika chini, anahema. "Nimesoma kwenye simu. Ukiwa na ile ya kwetu, mfupa unavunjika hata kwa kuruka. Nimeshamwambia kocha nimeacha."

Ile ya kwetu. Zaituni alisimama na mkono mmoja bado ndani ya koti. Ganzi ilimwachia hapo, na ilivyomwachia iliuma, tena iliuma kila mahali kwa pamoja. Aliona hasira, ile aliyoingojea nyuma ya pazia la Mauwa, na haikuwa ya Kabeya, ilikuwa yake mwenyewe. Aliona aibu ya kulala mpaka mwanga ukaingia. Aliwaza kwamba kule kituoni alikata miaka kumi, akamkata na binti, na sasa mkasi ulikuwa umemfikia mtoto huyu ambaye hakuwepo, anayeshika ukuta kwa sababu ya uongo ambao hajui hata kama upo. Alitamani kumwambia mimi ni bibi yako na mimi ni mzee, basi, hakuna ugonjwa mwingine. Badala yake alimwambia ajifunge kamba za viatu vizuri. Kisha akaingia msalani akafungulia bomba, akalia, Mauwa angefurahi.

Siku ya vipimo alikwenda peke yake. Alikuwa amemdanganya Rayhana kwamba tarehe imesogezwa. Daktari alivuta kiti kama kawaida yake, na karatasi ya mutuelle ilikuwa tayari mezani, imejazwa, imebaki sahihi. Zaituni aliiona. Aliitazama kwa muda, na nafsi yake ikamwambia ngoja, mwache aweke sahihi kwanza, halafu useme. Lakini alijua daktari akishaweka sahihi, yeye mwenyewe hatasema.

"Docteur," alisema, "mambo ya hapa yanabaki hapa?"

"Yanabaki hapa."

"Nina miaka sitini na sita."

Alimweleza kwa ufupi, bila kumtaja aliyemshauri. Korido, karani, binti kwenye benchi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa soksi. Daktari hakuandika kitu. Aliiinua tena ile picha ya mgongo akaielekeza dirishani, akaitazama upya, na uso wake ukafunguka, ukawa wa kijana kabisa.

"Lakini basi hii ni mifupa ya kawaida!" alisema. "Kwa sitini na sita, na kwa kazi yako, ni mizuri hata. Madame, huna ugonjwa. Dada yako, samahani, binti yako hana kitu. Yule msichana hana kitu."

"Hana kitu," Zaituni alirudia. "Anaweza kuruka?"

"Aruke anavyotaka."

Alishusha pumzi ambayo hakujua ameishikilia tangu Jumapili. Daktari alikuwa anatabasamu, kisha akaiona ile karatasi mezani na tabasamu likaisha. Aliishika pembeni. Akaiweka. Akaishika tena.

"Hii niliijaza nikiamini kuna ugonjwa nisioujua," alisema polepole. "Sasa naujua, nao si ugonjwa. Kwenye karatasi una hamsini na sita, mgongo umepona, na mimi sina tena cha kuandika. Kusema nadhani kuna saratani iliyojificha, siwezi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Naweza kumwomba mwajiri wako kazi nyepesi."

"Kule hakuna kazi nyepesi," Zaituni alisema. "Wazee wote ni wazito."

Daktari akaisukuma pembeni ile karatasi ya mutuelle. Alichukua karatasi nyingine, fupi, ya mgonjwa kurudi kazini, akaandika tarehe ya Jumatatu, akaweka sahihi. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika miezi yote aliyomtibu. Alisimama, akalizunguka dawati, akalitoa koti la Zaituni kwenye msumari, akamshikilia hilo koti likiwa wazi mpaka mikono yake yote miwili ikaingia. Akambebea mkoba. Akamshika kiwiko mpaka mlangoni, akaufungua, akamngojea avuke kizingiti taratibu, kama watu wanavyowafanyia wazee, na Zaituni, kwa vile hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo katika nchi hiyo, alimwegemea.